Kabla ya pave kulikuwa shitingi: plastiki katika nyumba za bonde letu

Kila tunapozungumza redioni juu ya takataka za plastiki, hakosi mtu wa kuuliza kama ni kweli kwamba sashe na bido zilizopasuka zinaweza kujenga nyumba. Wengine wameona video kwenye telefone: vijana wa Nairobi wanatoa pave za rangi kwenye mashine, mtu anaipiga nyundo, haivunjiki. Wanaona ni jambo jipya kabisa.

Mimi nasema kwetu si jipya. Katika Bonde la Ruzizi plastiki imekuwa ukuta na paa kwa miaka zaidi ya 30, na watu wazima wengi mnaowaona leo walilelewa chini yake. Tuliiita shitingi, na bado tunaiita hivyo.

Wazee wanajua nyumba ya bonde ilivyokuwa kabla: miti imesimikwa, fito zimefungwa, udongo umekandwa kwa miguu, nyasi juu. Kisha yakaja matofali mabichi ya kukausha juani, na ya kuchoma kwa yule mwenye kuni. Wakati wa Wabelgiji, pamba ilipolimwa sana hapa bondeni, manjanja yalikuwa ya stoo, ya misheni na ya serkali kuliko ya raia. Plastiki haikuwemo, na ingetoka wapi? Polietileni, ile ya kutengeneza sashe, ilipatikana Uingereza mwaka 1933 katika maabara ya kampuni ya ICI, tena kwa bahati tu, watu wakitafuta kitu kingine. Mfuko wa plastiki wenye mikono uliandikishwa na kampuni ya Celloplast ya Sweden mwaka 1965. Chupa ya maji ya plastiki ni mdogo wao. Hati yake ilitolewa Marekani mwaka 1973.

Katika miaka ya Zaire vitu hivyo viliingia kwetu kupitia jikoni na sokoni. Bido ikachukua nafasi ya kibuyu, beseni ikaweka chungu kando, kambambili zikaingia miguuni, na sashe ikafukuza jani la mgomba mikononi mwa mama wauzaji. Jani ukilitupa nyuma ya nyumba, mvua mbili tatu limekuwa udongo. Sashe ukiitupa, mjukuu wako ataikuta kwenye jembe.

Lakini plastiki ya kujengea ilikuja na wakimbizi. Kunako mwezi wa 10 mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Bujumbura, na Warundi wengi wakavuka mto Ruzizi. Mwaka 1994 wakafuata Wanyarwanda. Kambi zikajipanga kati ya Uvira na Kamanyola: Kagunga, Runingu, Luberizi, Luvungi na nyingine. Watu waliokuwa ndani yake walipita 200,000, katika bonde ambalo wenyewe hatukuwa matajiri wa nyasi wala wa miti. Nani angepata nyasi za kuezekea watu hao wote? Shirika la HCR na wenzake wakagawa shitingi, na kwa muda mfupi mandhari ya barabara kuu yakabadilika rangi.

Tuiangalie kidogo hiyo shitingi, maana ni kitu kilichofikiriwa vizuri. Kipimo kinachogawiwa sana leo ni mita 4 kwa 5. Ndani ni kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za plastiki ngumu, ndugu ya bido. Pande zote mbili kimepakwa plastiki laini, ndugu ya sashe. Pembeni kuna mkanda mzito wa kufungia kamba ili upepo usiipasue. Inazuia mvua. Haizuii joto, kila aliyelala ndani yake saa saba ya mchana hapa bondeni anaweza kutoa ushuhuda. Na jua letu linaila: baada ya mwaka mmoja au miwili inaanza kukatika vipande vipande kama mkate mkavu.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 vita vya AFDL vilifika kwenye kambi hizo. Sitarudia hapa yaliyotokea. Walioyaona wapo na wengine wanatusikiliza. Kambi zilibaki tupu, na shitingi zikabaki bondeni. Tangu hapo zimekuwa ukuta wa choo, mlango wa jikoni, kitambaa cha kuanikia mihogo, paa la kibanda cha kuuzia mafuta, kiraka kati ya nyasi na nyasi pale nyumba inapovuja. Mafundi wetu wa vijijini walijifunza kuweka kipande cha shitingi chini ya nyasi ili paa lidumu. Hivyo ndivyo kutumia tena plastiki katika ujenzi kulivyoanza kwetu, bila mradi na bila semina, na hakuna aliyepewa cheti.

Baada ya hapo kila wimbi limekuja na shitingi zake, au limekuja na watu wanaozingoja, maana hazikufika siku zote. Vita vya 1998. Mauaji ya Mutarule mwezi wa 6 mwaka 2014. Mapigano ya milima ya juu yaliyoshusha watu bondeni. Mafuriko ya Uvira ya mwezi wa 4 mwaka 2020, mto Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake na kubomoa mitaa. Mwezi wa 12 mwaka 2025, vita viliposhuka kutoka upande wa Kamanyola na Luvungi hadi Uvira, na maelfu ya watu wakavuka tena Ruzizi, safari hii sisi ndio wakimbizi na Burundi ndio wenyeji. Warundi walipokuja kwetu 1993 walipata shitingi. Nasi tulipofika kwao tulipanga mstari kwa ajili ya shitingi ileile.

Wakati huohuo plastiki nyingine imekuwa ikituijia kwa njia ya maji. Sashe na chupa za Bukavu zinashuka kwenye mifereji hadi ziwa Kivu. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto wetu. Pale kwenye bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, takataka zinajikusanya mbele ya mitambo na kuikaba, hata umeme unakatika Bukavu na Uvira. Wafanyakazi wa SNEL wamekuwa wakizitoa kwa mashua na kwa mikono, wengine wakizamia. Ruzizi ya Pili, ya mwaka 1989, iko chini yake na haijapona. Zinazopita zote mbili zinateremka hadi bondeni na kuingia Tanganyika. Kwa hiyo mvuvi wa Kavimvira anayetoa sashe kwenye nyavu yake, huenda anatoa sashe iliyobeba sukari Bukavu.

Sheria ipo. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017, wakati wa Waziri Mkuu Bruno Tshibala, serkali yetu ilitia sahihi dekreti ya kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Rwanda ilikuwa imekataza tangu 2008, Kenya ilikataza mwezi wa 8 mwaka 2017, Tanzania ikafuata mwezi wa 6 mwaka 2019, Burundi mwaka 2020. Ukienda soko lolote la barabara namba 5 leo utaona dekreti yetu imefungiwa ndani ya nini.

Basi mtu anasema: kama haziondoki, tuzijengee. Wazo hilo lina historia yake pia, na inafaa kuijua kabla ya kununua pipa la kuyeyushia.

Wa kwanza ninaowajua waliotaka takataka iwe tofali walikuwa wauza bia. Mwaka 1960 bwana Alfred Heineken wa Uholanzi alitembelea kisiwa cha Curaçao akaona chupa zake zimetapakaa kila mahali na watu hawana vya kujengea. Alimwita mchoraji wa majengo John Habraken, na mwaka 1963 wakatoa chupa ya pembe nne inayolala juu ya mwenzake kama tofali. Ilikuwa ya kioo, si plastiki. Haikufika mbali, watu wa kampuni hawakupenda bia ionekane kama kitu cha kujengea nyumba za maskini. Napenda kisa hicho kwa sababu kinaonyesha mahali pagumu pa jambo hili tangu mwanzo. Kushikamanisha tofali kuliwezekana. Kumshawishi mwenye chupa ndiko kulikoshinda.

Ya pili inatuhusu zaidi. Karibu na Tindouf, Algeria, kuna kambi za Wasaharawi waliokimbia Sahara Magharibi tangu katikati ya miaka ya 1970. Wao wanajenga kwa matofali ya udongo mabichi, kama sisi. Mwezi wa 10 mwaka 2015 mvua kubwa ilinyesha jangwani na nyumba hizo zikayeyuka kwa maelfu, kama sukari kwenye chai. Kijana mmoja mkimbizi, Tateh Lehbib Braica, aliyekuwa amesomea mambo ya nishati, akajenga nyumba ya duara kwa chupa za plastiki zilizojazwa mchanga. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya bibi yake. Nyumba moja ilichukua chupa kama 6,000. HCR ikaona, ikalipia nyumba 25. Ukuta ni mnene, duara linapunguza nguvu za upepo wa mchanga, na mvua haiyeyushi kitu. Kwa juu zilipigwa plasta, maana chupa ikiachwa wazi, jua litaifanya kama linavyofanya shitingi yetu.

Uganda nao wanayo: huko Mpigi, vijana wa chuo kiitwacho Social Innovation Academy wamejenga majengo yao kwa chupa zilizojazwa udongo. Hakuna kuyeyusha, hakuna moshi. Kwa hiyo mtu akiniuliza njia gani ina hatari ndogo, nitasema ni hiyo. Lakini nitaongeza jambo ambalo video haisemi: kwetu Bwegera chupa si takataka. Chupa ya maji ikimalizwa na mtu wa gari, kuna mtoto anaingoja. Inakwenda kuuzwa kwa mwenye mafuta ya mawese, mwenye asali, mwenye petroli ya rejareja. Nani atakusanya chupa 6,000 hapa bila kupandisha bei ya chupa sokoni? Takataka yetu ya kweli ni sashe, na sashe huwezi kuijaza mchanga ukajenga. Ni lazima iyeyushwe.

Huko ndiko tunakofika kwenye pave. Kamerun kulikuwa na fundi, Pierre Kamsouloum, miongoni mwa wa mwanzo Afrika kuyeyusha sashe katika pipa, kuchanganya na mchanga na kukandamiza katika kalibu. Maarifa hayo yalienea. Mwaka 2017 shirika la WasteAid la Uingereza liliyaandika katika kitabu cha mafunzo ambacho kimefika nchi nyingi. Mwaka huohuo Nairobi, Nzambi Matee aliacha kazi yake akaanza kufanya majaribio nyuma ya nyumba ya mama yake. Kampuni yake inaitwa Gjenge Makers, na mwenye kujua Kiswahili anasikia "jijenge" ndani ya jina. Mwaka 2020 alipata tuzo ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, wakati kiwanda chake kilikuwa kinatoa pave 1,000 hadi 1,500 kwa siku. Alifika hapo kwa mashine zinazopasha moto kwa kipimo na kukandamiza kwa nguvu. Na angalieni alichochagua kutengeneza: pave za uwanja na njia. Kazi yake ilianza chini, miguuni.

Kuna waliokwenda hadi kwenye ukuta. Côte d'Ivoire, UNICEF na kampuni ya Colombia iitwayo Conceptos Plásticos walianza kujenga madarasa kwa matofali ya plastiki yanayoshikana bila simenti, na mwaka 2019 walitangaza kiwanda na lengo la madarasa 500. Ni kazi nzuri. Lakini ni ya kiwanda, na tofali linatiwa dawa ya kupunguza moto. Tofali la pipa la kijijini halina dawa hiyo. Polietileni ni binamu ya mafuta ya taa. Ikishika moto inawaka na kudondoka matone ya moto. Hapa bondeni sihitaji kueleza sana. Sange, tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 2010, lori la mafuta lilipinduka jioni, na watu zaidi ya 200 wakaungua. Mimi sitapenda kuona familia ikilala kati ya kuta nne za plastiki na jiko la makala mlangoni. Chini, chini ya miguu, ndani ya mchanga, hapo sawa.

Na kuyeyusha kwenyewe? Sashe inalainika karibu na digrii 110 hadi 120. Bido inahitaji zaidi kidogo, kama 130. Chupa ya maji inataka karibu 250, na ndiyo sababu wenye pave wanaikataa: ukifika huko, sashe zako zimeanza kutoa moshi mzito. Tuyo za maji na nyaya za umeme zimetengenezwa kwa plastiki nyingine, PVC, na hiyo ikiungua inatoa gesi ya asidi na sumu inayobaki mwilini. Hiyo isiguse pipa kamwe. Kipimo cha kawaida ni kilo moja ya sashe safi na kavu kwa kilo mbili au tatu za mchanga, moto mdogo, mahali pa wazi, glavu, kinga ya mdomo, watoto na mama wajawazito mbali. Ukiona moshi mweusi, kazi imeharibika. Nimeona vijana wakijaribu kwa kuwasha sashe moja kwa moja juu ya mchanga na kukoroga. Ile si pave, ni kuchoma takataka na kuzivuta kifuani.

Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Pave ya sentimita 20 kwa 10, unene sentimita 5, kwa mchanganyiko wa moja kwa tatu, ina uzito wa karibu kilo 1.8, na ndani yake karibu gramu 450 za plastiki. Mita mraba moja inataka pave 50. Hiyo ni kilo 22 na nusu za sashe. Chumba cha mita 3 kwa 3 kinakula kilo 200. Tukichukua sashe moja ni gramu 5, ni sashe 40,000 za kuokota, kuosha na kukausha kwa chumba kimoja. Pave ya unene wa sentimita 3 itapunguza hadi 24,000 hivi. Kwa hiyo anayewaambia kwamba malighafi ni bure hajawahi kuosha sashe. Mwenye kuosha ni mama au msichana, na maji ya kuoshea anayatoa mtoni. Mradi ukija, swali la kwanza liwe analipwa nini kwa kilo.

Hata hivyo nabaki upande wa pave, kwa sababu moja ambayo sijaisikia kwenye semina yoyote. Familia ya wahami ikifika Bwegera au kwingine, inapewa kipembe cha shamba la mtu. Mwenye shamba anakubali shitingi, anakubali miti. Ukianza kupandisha ukuta wa kudumu, wa chupa au wa simenti ya Cibitoke, anauliza: unajenga ili usirudi kwenu? Hata kule Tindouf swali hilo lipo. Wengi walijenga kwa udongo kwa miaka 40 kwa sababu kujenga kwa nguvu ni kama kukubali kwamba nchi yao imepotea. Lakini sakafu haimtishi mtu. Ndani ya shitingi, mvua ya mwezi wa 4 inapoingia, watoto wanalala juu ya matope, na kikohozi kinaanzia hapo. Pave zilizopangwa juu ya mchanga, bila simenti, zinamwinua mtoto kutoka kwenye maji sentimita chache, na sentimita hizo ndizo zinazotakiwa.

Na siku ya kurudi, mtu anazing'oa. Watu wetu wanajua kubeba nyumba: tumeona manjanja yakisafiri juu ya pikipiki, milango ikivuka Ruzizi, misumari imenyooshwa na kuwekwa kwenye kopo. Pave 50 ni kilo 90, mzigo wa baiskeli moja ikisukumwa. Chumba kizima ni safari tisa kutoka kambini hadi kwenye kiwanja chenu cha zamani, ikiwa barabara iko wazi.